Ijumaa Ngapi Katika Mji Mmoja?

Pancha haichagui mahali. Inaweza kumkuta mwosha vyombo anayetoka zamu ya usiku kule Van Nuys, kaskazini mwa milima inayoikata Los Angeles, na mji ukiwa na karakana moja tu, ile ambako angeazimwa spana na kuziba tyubu kwa mikono yake inaweza kuwa zaidi ya kilomita 20 kusini, ng'ambo ya milima hiyo. Baiskeli ndiyo usafiri wake, na hana gari la kuibebea. Ataikokota. Kwa mtu kama huyu, kuuliza mji mmoja unahitaji karakana ngapi za jamii ni kuuliza yeye atalala saa ngapi.

Karakana za namna hii si duka la fundi. Ukifika na rimu iliyopinda, hakuna anayeipokea baiskeli yako, akakuandikia risiti na kukwambia urudi Alhamisi. Anakuja mtu wa kujitolea, anakuonyesha spoku ipi imelegea na ipi imekazwa kupita kiasi, kisha anakuachia spana. Spea hutoka kwenye baiskeli kuukuu zilizotolewa sadaka. Malipo ni mchango mdogo, au saa kadhaa za kufagia na kupanga gololi kwa ukubwa wake. Unayetoka hapo umetoka na baiskeli inayokwenda, na umetoka na ujuzi ambao hakuna atakayekunyang'anya.

Los Angeles ilipata ya kwanza ya zama hizi mwaka 2002, ndani ya jiko la nyumba ya kupanga katika mtaa wa watu wanaoishi kwa kushirikiana, Eco-Village. Ndiyo maana ikaitwa Bicycle Kitchen, jiko la baiskeli, na wanaojitolea humo wakaitwa wapishi. Miaka michache baadaye jiko likazaa. Mtaa wa Highland Park ukapata Bike Oven, tanuri la baiskeli. Upande wa magharibi ikafunguliwa Bikerowave, jina lililounganisha baiskeli na maikrowevu. Bonde la San Fernando likapata Valley Bikery, jina linalochezea neno la duka la mikate. Majina yenyewe yanasema kuwa hawa ni ndugu waliozaliwa chumba kimoja, na kwamba kila mmoja ametoka kwenda kuwasha moto wake mahali pengine.

Kila mtoto wa namna hii anapozaliwa, wapo wanaouliza kwa nini isibaki karakana moja, kubwa, yenye vifaa kamili. Kodi za pango zitakuwa mbili, bima mbili, seti mbili za spana, na watu wa kujitolea walewale wachache watagawanywa. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kutafuta pesa za kodi. Lakini chini ya hesabu hizo kuna swali la zamani zaidi. Mafundi wawili wakikaa chini ya mwembe mmoja Tanga, hakuna anayewauliza kwa nini ni wawili. Kila mmoja ana spana yake na wateja wake. Swali huanza pale spana inapokuwa ya wote. Kitu cha wote kikigawanywa, ni lini kimesogezwa karibu na watu, na ni lini kimevunjwa?

Watu wa dini wamelijadili jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao wanafuata madhehebu ya Shafi, wanajua mahali lilipochimbwa kwa kina: kwenye mlango wa sala ya Ijumaa.

Kanuni ya Kishafi ni kali. Mji mmoja una Ijumaa moja. Sala tano za kila siku husaliwa popote, lakini Ijumaa ni ya kukusanyika, na mkusanyiko uliokatwa vipande umepoteza maana yake. Zikisimamishwa Ijumaa mbili katika mji mmoja bila haja, inayosihi ni ile iliyotangulia kwa takbira ya kufungia sala. Waliobaki wanadaiwa Adhuhuri yao. Msingi wa kanuni ni Madina yenyewe. Zama za Mtume, mitaa ya Madina ilikuwa na misikiti yake midogo ambamo watu walisali sala za kila siku karibu na nyumba zao. Ijumaa ilipofika, wote walielekea msikiti mmoja.

Kisha kukawa na Baghdadi. Mji huo ulianzishwa mwaka 762, ukakua kwa kasi isiyo ya kawaida, ukajaa pande zote mbili za mto Tigris. Imamu Shafi alipoingia humo alikuta Ijumaa ikisaliwa zaidi ya mahali pamoja, na hakukataza. Ukimya huo uliwashughulisha wafuasi wake kwa karne nyingi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaji kimesomeshwa vizazi kwa vizazi Lamu na Unguja, alizikusanya kauli za waliomtangulia. Wapo waliosema ukimya ule ulitokana na taabu ya kuwakusanya watu wote mahali pamoja. Wapo waliosema ni kwa sababu mto uliigawa Baghdadi ikawa kama miji miwili. Wapo waliosema Baghdadi ilikuwa vijiji vilivyoungana, na kila kijiji kilibaki na hukumu yake ya zamani. Na wapo walioshikilia kuwa haifai kwa hali yoyote. Kauli iliyopewa nguvu ni ile ya kwanza: taabu.

Sababu hizi tatu zinashangaza kwa jinsi zinavyoukaa mji wa leo.

Tuanze na vijiji vilivyoungana, kwa kuwa Los Angeles ni mfano wake ulio wazi kabisa. Highland Park iliingizwa ndani ya mji mwaka 1895, Hollywood mwaka 1910, sehemu kubwa ya Bonde la San Fernando mwaka 1915, Venice mwaka 1926. Leo mji huo una eneo la nchi kavu lizidilo kilomita za mraba 1,200, yaani takribani robo tatu ya kisiwa kizima cha Unguja. Kuuita mji mmoja ni jambo la ramani na kodi. Mtu wa Highland Park ana mtaa wake, duka lake la mkate, kanisa lake. Bike Oven ilipofunguliwa huko haikuukata mji uliokuwa mzima. Iliitambua hali iliyokuwapo kabla ya mji kuchora mipaka yake.

Mto ni sababu dhaifu zaidi, na wanazuoni waliona hivyo. Penye daraja, maji hayamzuii mtu. Lyon, nchini Ufaransa, ina mito miwili, Rhône na Saône, na ina karakana kadhaa za baiskeli za jamii: mojawapo, Atelier du Chat Perché, iko Guillotière, mashariki ya Rhône, na nyingine imekuwa kwenye miteremko ya Croix-Rousse, katikati ya mito hiyo. Mwendesha baiskeli anavuka Rhône kwa dakika chache. Anayetaka kujua kilichozigawa karakana hizo asitazame maji, atazame mlima. Croix-Rousse ni mwinuko unaokausha koo la mtu mwenye baiskeli nzima, seuze aliyekatikiwa cheni.

Isitoshe, iko mito isiyo na maji. Barabara kuu ya Dan Ryan, inayokwenda kusini ya Chicago, ina njia 14 katika baadhi ya sehemu. Daraja lipo, lakini kijana wa miaka 12 hatumwi na mama yake kulivuka na baiskeli iliyokatika breki. Na Chicago ina mgawanyiko ulio mzito kuliko lami: mji uliotenganisha weusi na weupe kwa mtaa, kwa shule, kwa mkopo wa nyumba. Karakana moja kubwa kaskazini ingesema mlango uko wazi kwa wote, na kwenye karatasi ingekuwa kweli. Watoto wa Woodlawn, upande wa kusini, wasingefika. Ndiyo sababu Blackstone Bicycle Works, iliyoanza huko mwaka 1994, ina thamani isiyopimika kwa idadi ya baiskeli inazotengeneza. Watoto hujifunza kazi humo, na kwa saa zao za kazi hujipatia baiskeli. Wamefika kwa miguu kutoka nyumbani.

Hapa ndipo neno la wanafiqhi, taabu, linapostahili kuchukuliwa kwa uzito wake wote. Hawakusema uvivu, wala hawakusema kila mtu apewe msikiti mlangoni pake. Walipima: je, watu hawa wanaweza kukusanyika bila kudhurika? Karakana ya pili inayoanzishwa kwa kipimo hicho imeanzishwa kwa ajili ya mtu fulani anayejulikana alipo, mwenye pancha yake mkononi. Waanzilishi wanaweza kumwonyesha kwenye ramani.

Lakini si kila karakana ya pili ilizaliwa hivyo, na heshima kwa kazi hii inadai lisemwe bila kupakwa rangi. Nyingine zimezaliwa na ugomvi. Mmoja alitaka mafundi walipwe mshahara, mwingine akaona mshahara utaua moyo wa kujitolea. Mmoja alitaka bia usiku wa Ijumaa, mwingine alikuwa na watoto wa shule ndani. Funguo zilishikwa na watu watatu kwa miaka mitano. Mwanamke aliyekuja kujifunza alinyang'anywa spana mara ya nne na mtu aliyedhani anamsaidia. Kikao kikavunjika saa tano za usiku, na mwezi uliofuata mtaa wa tatu ukawa na kibao kipya.

Kurani inao mfano wa jengo la ibada lililosimamishwa kwa nia ya kuwafarakanisha watu. Katika Sura ya Tawba unatajwa msikiti uliojengwa karibu na Quba, kando ya Madina, ambao umebaki katika kumbukumbu ya Waislamu kwa jina la Msikiti wa Dhirar, msikiti wa madhara. Waliojenga walitoa sababu nzuri kabisa: wagonjwa, wenye haja, usiku wa mvua. Yaani walitoa hoja ya taabu. Mtume aliporudi kutoka safari ya Tabuk, mwaka 630, aliamuru ubomolewe. Ugumu wa kisa hiki uko hapo. Hoja ya masafa inaweza kusemwa na mtu mkweli na inaweza kusemwa na mwenye kinyongo, kwa maneno yaleyale. Mtume alipata habari zake kutoka juu. Wengine wote wanapaswa kutazama alama.

Alama mojawapo ni umbali. Karakana mpya iliyofunguliwa mtaa wa tatu kutoka ya zamani, ikiacha upande mzima wa mji bila hata pampu, haiwezi kujificha nyuma ya mwosha vyombo wa Van Nuys. Alama nyingine ni lugha ya waanzilishi wake: wakiulizwa wanamtumikia nani, je, wanataja mtaa au wanawataja wenzao wa zamani?

Hata hivyo, haitakuwa haki kumlaumu kila aliyeondoka kwa uchungu. Mwanamke aliyenyang'anywa spana mara nne amezuiwa mlango hata kama hakuna milima wala mto kati yake na karakana, na taabu yake ni taabu. Karakana nyingi za Marekani na Kanada zililiona hilo, zikatenga jioni moja ya wiki kwa ajili ya wanawake na wengine waliokuwa wakisukumwa pembeni. Benchi ni zilezile na spana ni zilezile. Kilichogawanywa ni saa, na hakuna paa lililopasuka. Dawa hii ingestahili kujaribiwa mahali pengi kabla ya mtu yeyote kwenda kutafuta pango jipya.

Wapo wanaotetea wingi wa karakana kwa hoja isiyo ya masafa kabisa, na mwalimu wao mkubwa ni Ivan Illich. Mtu huyu alizaliwa Vienna mwaka 1926, akawa padri wa Kikatoliki, akahudumu New York miongoni mwa wahamiaji kutoka Puerto Rico, na hatimaye akaacha kazi ya upadri. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu nishati na usawa alipiga hesabu ambayo waendesha baiskeli hawajaisahau: Mmarekani wa kawaida alitumia zaidi ya saa 1,600 kwa mwaka kwa ajili ya gari lake, kuliendesha, kulitafutia maegesho na kufanya kazi ya kulilipia, ili asafiri takribani kilomita 12,000. Hiyo haifiki kilomita 8 kwa saa. Baiskeli ingemshinda. Mwaka mmoja kabla, katika kitabu kuhusu zana, alikuwa amedai kwamba kila chombo kina kizingiti: kikikua kupita hapo, huanza kumtumikisha aliyekiunda. Shule hufikia kizingiti hicho, na hospitali pia.

Karakana nayo hufika. Yenye benchi nne, anayeingia huonekana. Yenye benchi 20 inahitaji mapokezi, mapokezi yanahitaji foleni, foleni inahitaji namba, na aliyeshika namba ya 31 atatamani tu mtu amtengenezee aende zake. Hapo jamii imerudi kuwa duka, tena duka la polepole. Kwa maana hiyo kugawanyika mapema ni afya, kama mzinga unaotoa kundi jipya la nyuki kabla haujafurika. Illich angeunga mkono.

Illich, hata hivyo, hakueleza tairi la kipenyo cha milimita 597 litatoka wapi.

Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu karakana hizi hulipita. Tairi zinazoitwa za inchi 26 si za aina moja. Ya baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu ya milimita 559. Ya baiskeli za Kiingereza za zamani ni 590. Ya baadhi ya baiskeli za kiwanda cha Schwinn, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1895, ni 597. Haziingiliani, mtu akilazimisha ataumia vidole bure. Zile za kazi zinazojulikana Afrika Mashariki, za inchi 28 kwa moja na nusu, ni 635. Ukishuka kwenye ekseli ya pedeli, kikombe cha kulia cha mtindo wa Kiingereza hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na ilivyozoeleka, na cha mtindo wa Kiitaliano hakifuati hivyo. Asiyejua ataharibu fremu nzima kwa juhudi yake njema.

Basi chukua mji wenye karakana tano ndogo. Kila moja ina rundo la spea lililotokana na bahati ya sadaka za mtaa wake. Tairi la 597 linaning'inia kwenye msumari upande wa kusini kwa mwaka wa tatu, na baiskeli inayolihitaji imeegemezwa ukutani upande wa kaskazini kwa mwaka wa pili. Mama mmoja anayejua ekseli za kila namna anajitolea Jumanne katika karakana moja tu; siku zilizobaki, ndani ya zile nyingine nne, vikombe vinazungushwa upande usio wake. Uhuru wa karakana tano umelipiwa na mtu aliyeondoka kwa miguu.

Miji iliyolitatua hili haikufuata njia moja. Neighborhood Bike Works ya Philadelphia, iliyoanza mwaka 1996, kwa miaka mingi ilikaa chini ya kanisa la St. Mary's katika mtaa wa chuo kikuu, hata usiku wake wa wazi ukaitwa Bike Church, kanisa la baiskeli. Ilibaki chama kimoja huku ikifungua madarasa ya vijana katika mitaa mingine. Grenoble inao uN p'Tit véLo dAnS La Tête, chama cha tangu mwaka 1994 chenye karakana zaidi ya moja. Lyon iliacha kila karakana na uhuru wake, kisha ikazifunga kwa mtandao unaoitwa Clavette Lyonnaise, jina lililochukuliwa kwenye pini ndogo inayoshika mkono wa pedeli.

Chicago iligawana kazi. Working Bikes, tangu mwaka 1999, huzoa baiskeli zilizotupwa na kusafirisha kontena za baiskeli hadi Afrika na Amerika ya Kilatini. Blackstone hulea vijana wa Woodlawn. Recyclery, kaskazini kabisa, hufungua benchi kwa anayetaka kujifunza. Mgawanyo huu una faida, na una udhaifu uliojulikana kwa moto. Mwaka 2001 jengo lililoihifadhi Blackstone liliteketea, na karakana ilirudi mwaka 2006. Anayetetea wingi atasema: tazama, mji haukubaki mtupu, wengine waliendelea. Ni kweli kwa mji. Kwa mtoto aliyekuwa na miaka 11 moto ulipowaka, miaka mitano ni utoto wote uliobaki, na kuwapo kwa karakana nyingine upande mwingine wa mji hakukumgusa. Kuwa wengi hakutoshi kama hakuna anayevuka kwenda kwa mwenzake siku ya shida.

Hapo Madina inarudi. Uzuri wa mpangilio wake ni kwamba haukulazimisha kuchagua. Misikiti ya mitaa ilikuwa halali kabisa, kila siku, mara tano. Na bado ilikuwapo siku moja ambayo watu wa mitaa yote waligusana mabega. Karakana za miji mikubwa zimefaulu sana kwenye nusu ya kwanza. Nusu ya pili zimeifanya zaidi kati ya miji kuliko ndani ya mji. Tangu mwaka 2004, ulipofanyika kwa mara ya kwanza New Orleans, mkutano uitwao Bike!Bike! umekuwa ukiwakutanisha watu wa karakana za jamii kutoka mbali. Mtu wa karakana moja anaweza kumjua mwenzake wa jimbo jingine kwa jina, asimjue wa ng'ambo ya mlima aliye naye mji mmoja.

Ijumaa ya karakana ingeweza kuwa kitu kidogo sana. Siku moja ya mwezi, rundo la spea la kila mtaa linaletwa mahali pamoja na kupangwa upya. Yule mama wa ekseli anafundisha mbele ya wote. Hesabu za kila karakana zinasomwa, na wenye akiba wanasikia nani hajalipa pango. Wenye kinyongo cha kikao cha saa tano za usiku wanalazimika kushika ncha mbili za fremu moja.

Katika miji yenye Ijumaa nyingi wapo Mashafi ambao, wakishatoa salamu ya Ijumaa, husimama tena na kusali Adhuhuri. Wanafanya hivyo kwa tahadhari, kwa sababu hawana hakika kama haja ya kugawanyika kwao ilifika kiwango cha kuwasamehe. Hawaifungi Ijumaa yao, na hawaihukumu ya wenzao. Wanaongeza rakaa nne. Karakana ya pili, ya tatu na ya nne zinaweza kujiuliza Adhuhuri yao ni ipi. Mgeni ameingia saa kumi na moja jioni na Schwinn kuukuu, tairi limechanika, na rundo lote limepekuliwa bila kupata saizi yake. Mtu wa kujitolea anafuta mikono, anapiga simu kusini, anamwambia mgeni akae, kisha anachukua baiskeli yake mwenyewe na kwenda kulifuata.